Kupamba nyumba ya sikukuu yenye watoto wadogo: anza chini, kwenye kimo chao

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya Krismasi, nilinunua vimulimuli vya mita kumi mjini, maeneo ya Makoroboi. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili nyembamba, na soketi za nyumbani kwetu Kitangiri ni za matundu matatu. Nikafanya kile ambacho watu wengi hufanya: nikachukua peni, nikaichomeka kwenye tundu la juu, vizibo vya ndani vikafunguka, nikasukuma plagi. Taa zikawaka, watu wa nyumbani wakapiga makofi.

Kesho yake asubuhi, nikitafuta viatu vyangu, nilimkuta binti yangu wa miaka mitatu amechuchumaa nyuma ya kochi. Peni ileile ilikuwa kwenye tundu la juu la soketi ya pili. Mkono wa kulia ameshika kijiko cha chai, anakielekeza kwenye tundu la chini. Hakuwa anacheza. Alikuwa anawasha taa, kama baba alivyowasha jana.

Nilimnyanyua kijiko hakijafika. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa ni nini kingefuata. Tangu siku ile napamba nyumba kwa utaratibu mwingine, na utaratibu huo ndio nauandika hapa kwa wazazi, mabibi na wasichana wa kazi wanaokaa na watoto, kuanzia anayetambaa hadi wa miaka mitano hivi. Nimeuandika kwa nyumba zetu za Mwanza: umeme unaokatika na kurudi ghafla, mvua za vuli, vyandarua, madirisha ya nondo, na wengi wetu tukiwa tumepanga chumba na sebule.

Hatua ya kwanza: piga magoti

Kabla hujatoa hata riboni moja kwenye boksi, izunguke nyumba kwa magoti. Sisemi kwa mfano. Shuka chini kweli, tambaa sebuleni na chumba cha watoto. Utaona vitu ambavyo ukiwa umesimama huvioni: waya wa tivii unaoning'inia nyuma ya kabati, msumari uliobaki mwaka jana, soketi iliyolegea, pindo la kitambaa cha meza likipepea usawa wa uso wako.

Hilo pindo ndilo lililonisimamisha mara ya kwanza. Sikukuu ndipo tunapotoa vitambaa vyetu vizuri vya kufuma, tunatandika mezani, juu yake tunapanga chupa ya chai, vikombe na bakuli la supu. Mtoto anayejifunza kusimama hushika kilicho karibu ili ajivute. Akivuta pindo, chai yote inamshukia usoni na kifuani. Na chai ya kwenye chupa, hata ikikaa saa nzima, bado inaunguza, maana ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Kwa hiyo kitambaa kikunjwe kiishie ukingoni mwa meza, pembe zibanwe chini kwa klipu, na chupa ya chai ikae katikati au juu ya kabati.

Kisha chukua chaki, weka alama ndogo ukutani mita moja na sentimeta 20 kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka miwili ana urefu wa sentimeta 85 hivi. Akinyoosha mkono na kusimama kwa vidole anapita mita moja kidogo. Chini ya alama hiyo weka vitu vya kitambaa na karatasi tu, vitu ambavyo akivivuta vitakatika na akivitafuna vitalowa, basi. Juu ya alama weka mengine. Na stuli, ndoo za maji na viti vya plastiki vikae mbali na ukuta uliopambwa, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anajua kuburuta ngazi yake mwenyewe.

Hatua ya pili: rangi na usafi viishe mapema

Wengi tunapaka nyumba rangi Desemba. Maliza angalau wiki mbili kabla ya sikukuu, na watoto wasilale kwenye chumba hicho mpaka harufu iishe. Kama fundi anakwangua rangi kuukuu ya mafuta, watoto wasiwepo kabisa, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likikaa sakafuni linaishia midomoni mwao.

Ninachoogopa zaidi ni thina na mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Fundi anaacha robo chupa dirishani, "nitakuja kuichukua kesho". Ukiitazama ni maji. Mwambie fundi aondoke na kila kitu siku hiyohiyo, na kama kuna kinachobaki, kibaki kwenye kopo lake lenye maandishi, juu, ndani ya kufuli. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa; mwahishe hospitali na chupa yenyewe mkononi. Mafuta yakipanda kwa kutapika huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua.

Hatua ya tatu: mti

Wapo wanaonunua mti wa plastiki, wapo wanaokata tawi la mvinje au msaiprasi. Vyote vinafaa. Tawi likatwe bichi, majani yake yapinde bila kuvunjika. Kwa joto letu linakauka ndani ya siku chache, kwa hiyo litikise kila asubuhi. Siku majani yanapoanza kudondoka kwa wingi, toa taa zote, na ikiwezekana toa na tawi lenyewe. Tawi kavu la namna hiyo likishika moto huwaka lote kabla hujafika jikoni kuchukua maji.

Kusimamisha: tumia ndoo ya rangi ya lita 20, jaza mawe na mchanga mpaka mdomoni, kisha nyunyizia maji mchanga uwe na unyevu. Mawe Mwanza hayajawahi kuwa shida. Usiache maji wazi ndani ya ndoo. Mtoto mchanga wa kutambaa anaweza kuzama kwenye maji ya sentimeta chache tu, kichwa chake kikitangulia ndani hawezi kujitoa. Tena maji hayo yatazalisha mbu.

Weka mti kwenye kona, mbali na feni, na usizibe mlango. Halafu ufunge: kamba mbili za nailoni, moja katikati ya mti na nyingine karibu na kilele, zote zikamatwe kwenye nondo za dirisha. Vuta mti kwa nguvu uwezavyo. Ukiinama hata kidogo, kaza tena. Mtoto hatauvuta kwa adabu.

Jambo moja kuhusu majani ya porini. Watoto wakubwa wakitumwa kuleta matawi, waambie wasiguse mnyaa, ule wa ua usio na majani, wenye vijiti vya kijani. Huku Usukumani uko kila mahali. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kudhuru uoni. Jicho lioshwe kwa maji mengi masafi dakika 20 kisha hospitali. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi, ambazo watu hutunga kama shanga, zisiingie ndani kabisa. Ni nzuri mno kwa macho, lakini mbegu ikitafunwa ni sumu kali.

Hatua ya nne: taa

Hapa nitakaa muda mrefu kidogo, ni kazi yangu.

Ukiwa dukani, geuza boksi kabla ya kutazama rangi za taa. Tafuta 220–240V. Tafuta neno LED, kwa sababu balbu za LED hazipati joto kama zile za zamani za waya. Kama unaweza kuchagua, chukua aina moja kati ya hizi: taa za USB zinazotumia volti 5, taa za sola, au zile zenye kichaji kidogo kwenye plagi kinachoshusha umeme hadi volti 24 au 31. Tofauti yake ni hii. Kwenye vimulimuli vya kawaida, waya ule mwembamba unaozunguka mti umebeba volti 230 mpaka kwenye balbu ya mwisho, na mtoto anayeota meno hutafuna chochote chenye umbo la waya. Kwenye hizi nyingine, umeme mkubwa unaishia ukutani. Taa za USB unaweza kuzichomeka kwenye pawabenki, umeme ukikatika mti wako hauzimiki na hakuna atakayetafuta mshumaa.

Kuhusu plagi ya pini mbili: usitumie kijiti, peni wala pini ya nywele. Vile vizibo ndani ya soketi vimewekwa kwa ajili ya vidole vya mtoto, na ukivifungua kwa peni umemfundisha namna ya kuvishinda. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi, au mwambie fundi akufungie plagi ya pini tatu na fyuzi ya ampia 3. Fyuzi ya 13 ni kubwa mno kwa waya mwembamba hivyo. Waya utaungua kabla fyuzi haijakatika.

Kisha kagua, hata kama taa ni mpya. Ziwe hazijachomekwa. Pitisha waya wote polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka kwenye plagi hadi mwisho, kama mvuvi anavyopitisha wavu akitafuta palipotoboka. Simama kwenye kila balbu. Ukihisi mkwaruzo, uvimbe au shaba inayong'aa, hiyo taa imekwisha. Usiifunge teipu, itupe. Balbu iliyochomoka na kuacha tundu wazi nayo ni vivyo hivyo. Ukimaliza, zitandaze kwenye sakafu ya saruji, ziwashe dakika 20 ukiwa umekaa hapo, mtoto akiwa chumba kingine. Zima, chomoa, gusa plagi na waya. Uvuguvugu unavumilika. Plagi ya moto, au harufu ya plastiki, rudisha dukani au tupa.

Ekstensheni iwe moja, isiyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Isipite chini ya zulia, isibanwe na mlango, isiachwe imeviringwa huku inatumika kwa sababu huzalisha joto. Ipandishe juu ya kabati au ifunge nyuma ya mguu wa kochi, matundu yaelekee ukutani. Soketi ambazo hazitumiki zisogezewe samani nzito mbele.

Fungua pia boksi lako la umeme uangalie kama kuna breka yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ndiyo inayokata umeme pale unapovuja kupitia mwili wa mtu. Nyingi za majumbani hukata uvujaji ukifika miliampia 30. Bonyeza T. Ikidondoka, ni nzima, irudishe juu. Isipodondoka, au kama huna kabisa, mwite fundi kabla hujanunua pambo lolote. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu msimu huu, mti ungesubiri.

Umeme ukikatika, chomoa taa zote. Ukirudi huja na kishindo, na vitu vya bei rahisi ndivyo vinavyoungua. Usiku kabla ya kulala, chomoa tena. Kuzima kwenye kitufe hakutoshi.

Hatua ya tano: betri za kidonge

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Betri za kidonge ni zile bapa, za mviringo, zinazong'aa kama sarafu. Zimo kwenye kadi zinazoimba, kwenye mishumaa ya kuigiza inayowakawaka, kwenye rimoti za vimulimuli, kwenye midoli ya baba Krismasi, na kwenye viatu vya watoto vinavyowaka taa. Zenye kipenyo cha milimita 20, zilizoandikwa CR2032, ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu zinakwama kwenye koromeo la mtoto. Haihitaji kupasuka. Mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na pale ilipogusa nyama inatengenezwa kemikali kali kama magadi ya kufanyia sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imetoboa koo. Hata betri uliyoitoa kwa kuwa imeisha bado ina nguvu ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo kila pambo la betri ligeuze mgongo. Kama kifuniko kinafunguka kwa ukucha, halifai nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano. Kinachofungwa kwa skrubu kinakubalika, na bora zaidi ni vitu vinavyotumia betri za kawaida ndefu. Kadi ya kuimba ikija na mgeni, ishukuru, isomwe, kisha iende juu ya kabati.

Dalili za mtoto aliyemeza ni za kawaida mno: anatokwa udenda, anakataa kula, anakohoa, anatapika, anashika kifua. Ukihisi tu, usisubiri uone. Nenda hospitali yenye eksirei na madaktari wa upasuaji. Kwa mjini hapa ni Bugando au Sekou Toure. Sema neno "betri" mlangoni, tangu kwa mtu wa kwanza utakayekutana naye. Usimtapishe, usimpe chakula. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, amemeza ndani ya saa 12 zilizopita, anameza mate vizuri na asali iko ndani ya nyumba, mpe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali hupunguza ukali wa kuungua. Lakini usichelewe kwa ajili ya kuitafuta. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kamwe.

Ndugu zangu wa Ukerewe, kwenu nasema bila masharti: betri za kidonge zisivuke. Meli kutoka Nansio hadi Mwanza inazidi saa mbili, na saa mbili ndizo nilizozitaja hapo juu.

Hatua ya sita: vitu vidogo vidogo

Chukua ule mrija wa karatasi unaobaki tishu ya chooni ikiisha. Kila pambo linalopita ndani ya mrija huo linaweza kumkaba mtoto chini ya miaka mitatu. Kengele ndogo, shanga, macho ya midoli, nyota za gundi, vyote vijaribu. Vinavyopita vinakwenda juu ya alama ya chaki, au vinabaki kwenye boksi mwaka huu.

Maputo watoto wanayapenda, nami sikuyafuta nyumbani, ila nayafunga juu karibu na dari na ninahesabu. Likipasuka, okota vipande vyote papo hapo. Kipande cha puto kooni kinashika kama ngozi ya pili na ni kigumu kukitoa. Mtoto asipulize wala kutafuna puto lisilojazwa.

Pamba. Kwetu pamba ni zao la shambani, iko karibu kila nyumba, na watu wengi huinyambua wakaitandaza kwenye mti ifanane na theluji. Shika nyuzi chache za pamba, zipeleke nje, zisogeze kwenye njiti ya kiberiti uone zinavyotoweka. Ukishaona hivyo hutaiweka tena kwenye taa. Theluji ya kopo nayo husukumwa na gesi inayoshika moto, usiipulize karibu na jiko wala mshumaa.

Mipira ya mti iwe ya plastiki, siyo ya kioo, na ifungwe kwa uzi mfupi badala ya kulabu za waya. Riboni na minyororo ya kung'aa isining'inie usawa wa shingo ya mtoto wala karibu na kitanda chake. Ukutani tumia selotepu, siyo pini.

Sisi chini ya alama ya chaki tumejaza samaki. Tulikata sato, sangara na dagaa kwenye maboksi ya sabuni, tukawavisha vipande vya kitenge kwa gundi ya unga wa ngano, tukawafunga kwenye matawi ya chini ya mti. Mdogo wetu wa mwaka mmoja na nusu alitafuna mikia ya watatu. Wakabaki tisa, naye hakudhurika.

Hatua ya saba: moto, chandarua na funguo

Kwa maoni yangu mshumaa wa moto hauna kazi kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Kuna tochi, kuna taa za sola za bei ya kawaida. Kama kwa ibada lazima uwashe, uweke kwenye beseni lenye mchanga juu ya meza isiyo na kitambaa, mbali na pazia, mtu mzima akae hapo mpaka uzimwe.

Nimeingia nyumba kadhaa nikakuta vimulimuli vimeviringishwa kwenye chandarua cha watoto, vinapendeza kweli. Viondoe leo. Chandarua kikishika moto huanguka juu ya aliyelala chini yake, na waya ukiwa kitandani mtoto ataufikia hata usiku wa giza.

Na sasa funguo. Milango yetu ina mageti ya chuma na madirisha yana nondo; moto ukitokea, njia ni moja. Ufunguo wa geti la ndani utundikwe msumari mmoja, mahali pamoja kila siku, karibu na mlango na juu ya mkono wa mtoto, na kila mtu mzima aujue hata akiwa gizani, pamoja na wageni watakaolala. Zimamoto ni 114. Ndoo ya mchanga ikae pembeni ya mlango. Moto wa umeme usiumwagie maji kabla hujazima mein swichi.

Hatua ya nane: nje

Ukikaa karibu na ziwa, taa za nje zitakuletea wale wadudu wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi uliosimama juu ya maji. Siku wakiingia, hujaa kwenye taa, kwenye chakula na puani mwa mtoto aliyelala. Mimi nje nawasha saa moja hadi saa mbili na nusu, kisha nazima na kufunga madirisha.

Taa za kwenye miashoki au barazani ziwe na alama IP44 au zaidi, maana yake zinavumilia kurushiwa maji. Plagi ikae ndani siku zote. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye plagi iliyoko nje hukusanya maji, hauyazuii. Usipitishe waya juu ya ukingo wa bati wala kuuviringisha kwenye geti au nondo. Bati hukata ngozi ya waya kidogo kidogo upepo unapotikisa, na siku moja geti zima linakuwa na umeme, mtoto analishika akiwa pekupeku kwenye udongo uliolowa. Ukisikia ngurumo ziwani, chomoa. Mara nyingi huja usiku na alfajiri, ndiyo maana nasema chomoa kabla ya kulala.

Fashifashi za mwaka mpya, hata zile za kushika mkononi zinazotoa cheche, mtoto mdogo asishike. Kile kijiti kinafika joto la nyuzi 1,000 hivi.

Wageni wakifika

Mikoba yao itundikwe chumbani. Ndani yake kuna dawa za presha na sukari zinazofanana na peremende. Karanga, korosho na bisi zisikae kwenye stuli, watoto chini ya miaka mitano hupaliwa navyo. Na mchague mtu mzima mmoja, kwa jina, wa kuangalia watoto kwa saa moja, kisha abadilishwe. Watu ishirini wakiwa sebuleni kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Ikitokea

Ameungua: maji ya bomba ya kawaida yamtiririkie dakika 20, au mmwagieni kwa kata kutoka kwenye ndoo bila kukatiza. Vua nguo na shanga isipokuwa iliyoganda. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala unga. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke.

Ameshikwa na umeme: usimguse. Zima mein swichi kwanza, kwa hiyo ijue iko wapi leo hii, hasa kama umepanga na boksi liko kwa mwenye nyumba. Ukishindwa kuzima, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Hata akiamka akacheza, aonwe na daktari.

Amekabwa na hawezi kulia wala kukohoa: wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja, halafu mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Aliyezidi mwaka, mpige mgongoni mara tano, halafu simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani kwenda juu mara tano. Rudia. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma. Mwingine apige simu 112 na kutafuta usafiri wakati wewe unaendelea.

Kushusha mapambo

Shusha siku watoto wakiwa hawapo au wamelala, kama ulivyopaswa kupandisha. Taa zichomolewe kwanza, zisubiri zipoe, zizungushwe kwenye kipande cha boksi zisijikunje. Zile zilizoleta wasiwasi kata plagi yake kwa koleo kabla ya kutupa, mtoto wa jirani asije akaziokota jalalani na kuzichomeka kwao. Hesabu maputo, hesabu kengele. Toa betri kwenye kila pambo; zile za kidonge zifunge selotepu pande zote mbili, moja moja, na siku hiyohiyo zitoke ndani ya nyumba.